Msimu wa Namba Ngeni

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na matapeli nao wameanza. Simu ya kwanza imeingia kabla sijamaliza chai. Nikapokea kama ninavyopokea siku zote: "Mkunga hapa, nani ana uchungu?" Upande wa pili sauti ya kijana, laini kama ya mtu anayeposa: "Hongera sana, mama! Namba yako imeshinda gari." Nikamwambia sina pa kuliegesha, ila kama lina paa zuri alilete, maana jiko langu linavuja. Akakata. Watu siku hizi hawana uvumilivu.

Mwanangu ndiye aliyeniambia niandike kila namba ngeni inayonipigia. Yeye ni mtu wa ghala, anahesabu vipuri kutwa, na nyumbani tunamwita Mkaguzi kwa sababu tangu utotoni hawezi kupita jikoni bila kufunua sufuria. Nimekubali kuandika, lakini hizo namba siziandiki ng'o. Nitaandika yanayonikera na yanayonichekesha.

Anasema nisipokee namba nisiyoijua. Hajui anachosema. Hospitali walinistaafisha, ila wanawake wamekataa. Siku hizi sizalishi mtu, nasikiliza tu. Mwanamke anapiga, namsikia anavyohema, namwambia "bado, oga maji ya vuguvugu ujilaze," au namwambia "toka hapo, nenda kituo cha afya sasa hivi." Namba yangu wanapeana wenyewe, dada kwa mdogo wake, jirani kwa jirani. Kwangu mimi karibu kila anayepiga ni mgeni. Ningemfuata Mkaguzi, nusu ya watoto wa mtaa huu wangezaliwa vizingitini.

Jumatano, 5 Machi

Yule kijana wa bima ya mazishi kapiga tena. Kila Jumatano lazima aniulize kama nimejipanga kwa siku yangu ya mwisho. Leo nikamgeuzia kibao. Nikamwuliza alinyonya mpaka umri gani. Akababaika, akasema hajui. Nikamwambia akamwulize mama yake kwanza, ndipo tuongelee jeneza langu.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua kutwa nzima. Matapeli kimya, nadhani wananyeshewa.

Jumapili, 9 Machi

Leo niandike la moyoni, maana hakuna wa kulisoma. Mke wa mwanangu ananishinda. Wamehamia kwangu tangu mwaka jana, tunakula meza moja, tunatumia bafu moja, na bado simjui. Kazi yake ni kuhudumia wateja wa kampuni ya simu. Kutwa amevaa visikizio kichwani anaongea na watu asiowajua. Akirudi nyumbani, maneno yake ni "Shikamoo, Mama," na "Nimeshiba, Mama." Basi. Anakula kama ndege, anaosha sahani yake, anaingia chumbani na kufunga mlango. Mkaguzi anasema amechoka. Mimi nasema anajisikia. Mtu anayewachekea wageni kwa ajili ya mshahara, halafu kwa mama mkwe wake ananuna bure, huyo si uchovu unaomsumbua.

Jumanne, 18 Machi

Nimepita kwa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Mimba yake ya kwanza, na tumbo limekuwa kubwa mpaka anakaa upande upande kwenye mashine, mguu mmoja tu ndio unaofika kwenye pedali. Anashona sare za shule kwa haraka, anataka amalize oda zote kabla hajajifungua. Mume wake yuko kwenye ujenzi wa barabara, mbali, anarudi mwisho wa mwezi akipata ruhusa.

Nikamwuliza, "Siku ikifika nani atakuwa nawe?"

"Wewe, Bibi."

"Mimi niko ng'ambo ya pili, na hii mvua ikinyesha barabara inakuwa mto. Utanipigia?"

Akanionyesha simu yake. Kioo kimepasuka, na chaji haikai hata ukiibembeleza. "Nitaazima ya mtu yeyote atakayekuwa karibu," akasema. "Namba yako naijua kwa kichwa. Ndiyo namba pekee ninayoijua kwa kichwa."

Nimerudi nyumbani nikimwaza. Atakapoitwa na uchungu, itakayonipigia itakuwa namba ngeni.

Alhamisi, 27 Machi

Leo lazima niandike yote.

Leo asubuhi nilikuwa napepeta mchele. Simu ikalia. "Mkunga hapa, nani ana uchungu?" Mwanaume, anahema kama aliyekimbia, na nyuma yake king'ora kinalia. "Mama, mimi dereva wa gari la wagonjwa. Nina mama mjamzito humu ndani, katupa namba yako. Mtoto ametanguliza miguu!"

Mtu ambaye si mkunga hawezi kujua maneno hayo yananifanya nini. Ungo ulinitoka mkononi. Nikasema, "Msisukume! Mwambie asisukume!"

"Mama, tumezuiwa getini. Mfumo umekutumia namba kwenye simu yako hapo, wewe ndiye mdhamini wake. Nisomee haraka geti lifunguliwe, mtoto anaishiwa hewa!"

Kazi yangu yote, miaka yangu yote, nimekuwa na desturi moja. Siendi kwa maneno ya mwanaume. Baba mwenye woga atakwambia mkewe anakufa kumbe amebanwa na gesi tu, na mwingine atakwambia mkewe yuko sawa kumbe kichwa cha mtoto kimeshatokeza. Naomba nimsikie mwanamke mwenyewe. Leo sikuomba. Nilisikia "miguu" nikaona miguu. Nilivaa miwani, nikafungua meseji, nikamsomea ile namba tarakimu kwa tarakimu, polepole, nikarudia asije akakosea.

Akasema, "Asante sana, bibi." King'ora kikazimika ghafla, kama redio iliyozimwa. Nikapiga namba ile nimwulizie mtoto. Simu yangu ikaniambia hakuna mtandao. Nikaizima, nikaiwasha. Hakuna mtandao. Nikatoka nayo nje kwenye mvua nikaiinua juu kama mjinga.

Mkaguzi aliporudi nikamsimulia. Akashika kichwa. "Mama, umeingizwa mjini! Wameihamisha laini yako. Hiyo namba sasa ni yao." Akaanza kuzunguka chumba. "Nilikwambia! Nilikwambia usipokee! Wewe mwenyewe ukipokea unawaambia 'mkunga hapa'. Umewapa na ufunguo na kitasa!"

Hilo la mwisho limenichoma kwa sababu ni kweli. Wale wa magari na wa zawadi, wote niliwaambia mimi ni nani kabla hawajaniuliza. Wamekwenda wakakaa, wakafikiri, wakanitungia mtoto wa miguu.

Mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli wake ukichuruzika. Nilijua atanitazama kwa dharau. Akauliza kitu kimoja tu: "Aliongea kwa upole au kwa haraka?"

"Kwa haraka."

"Ndiyo kawaida yao. Wanawahi kabla mtu hajawaza." Akachukua simu yake, akapiga kwa wenzake wa kazini, akaripoti laini imeibwa. Nilimsikia akitaja jina langu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia humu ndani, imenyooka, haina wasiwasi. Wameifunga laini, akasema, lakini walikuwa wameshaitumia tangu asubuhi kuomba watu pesa. Na kuirudisha lazima niende mwenyewe dukani kwao.

Nimelia mbele yao wote wawili. Si kwa ajili ya simu. Nimelia kwa sababu mahali fulani kuna wanawake waliopokea kitu kutoka kwa namba yangu, na namba yangu ndicho kitu pekee nilichonacho cha kuwapa.

Jumamosi, 29 Machi

Wamekuja. Nilipoona akina mama wanajikusanya barazani kwangu na watoto migongoni, nikajua yamenifika shingoni. Nikatoka nimeinamisha kichwa. Kumbe wao wanacheka.

Mama wa mapacha ndiye aliyesoma meseji aliyotumiwa, kwa sauti ya mhubiri: "Habari za mchana, mpendwa wangu. Natumaini wewe na familia mu wazima wa afya. Nimepatwa na dharura ndogo..." Hakufika mwisho. Wote wakaangua kicheko, na watoto nao wakacheka bila kujua sababu.

"Bibi," akasema mmoja, "lini umewahi kumwita mtu mpendwa?"

"Wewe ukipiga hata salamu hakuna," akadakia mwingine. "Cha kwanza ni 'mtoto amepata choo?' Mimi wangu yuko darasa la pili, na bado unaniuliza kama amepata choo!"

Mama wa mapacha alimjibu tapeli: "Niulize kwanza swali lako." Tapeli akamwandikia: "Swali lipi, mpendwa?" Hapo akamfungia.

Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Sikujua kwamba ukali wangu una faida. Miaka yote nadhani wananivumilia, kumbe wananitambua kwa huo huo.

Lakini muuza mayai hakuja. Nikauliza. Wakatazamana, na kicheko kikaisha. Muuza mayai alituma pesa.

Jumatatu, 31 Machi

Nimekwenda kwa muuza mayai. Nilidhani naenda peke yangu, nikashangaa kumwona mkwe wangu ananifuata na mwavuli, hakuulizwa, hakusema kitu.

Muuza mayai aliendelea kupanga trei zake bila kunitazama. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, na nitamrudishia. Akasema hataki kurudishiwa na mimi. "Si wewe uliyeniibia."

"Wenzako walishtuka," nikasema. "Wewe hukuona kwamba maneno si yangu?"

"Niliona." Akafuta yai moja kwa kitambaa, akalifuta tena ingawa lilikuwa safi. "Lakini nilipojifungua, damu ikagoma kukatika, ulikuja. Hukuniuliza mume yuko wapi, hukuniuliza nina nini mfukoni. Nikasema, leo yeye ndiye ana shida, nami nisimwulize."

 Mkwe wangu ndiye aliyeinama akamwambia kwa upole aende na nani, aandikishe wapi, aombe nini, na kwamba akikataliwa ampigie yeye. Akamwandikia namba yake mwenyewe. Muuza mayai akatupatia mayai kwenye mfuko, tukakataa, akakasirika, tukapokea.

Njiani nikamwambia mkwe wangu ahsante. Akajibu, "Hamna kitu, Mama." Nimeanza kudhani kwamba yale maneno yake machache si ya kunikwepa.

Jumanne, 1 Aprili

Dukani kwa kampuni ya simu foleni ilifika nje, na nje mvua. Mkwe wangu alikuwa na siku ya mapumziko. Ningekuwa mimi ningelala. Yeye alisimama nami foleni kama mteja mwingine yeyote, ingawa ndani wanamjua. Nikamwuliza kwa nini tusipite mbele. Akasema, "Wakinipitisha leo, kesho watampitisha tapeli mwenye rafiki ndani." Nimeipenda hiyo.

Zamu yetu ilipofika, kijana wa dirishani akaniambia niweke kidole kwenye mashine. Haikusoma. Kingine. Haikusoma. Vidole kumi, vyote vimekataliwa.

"Bibi, vidole vyako havina alama," akasema, kana kwamba nimeziacha nyumbani.

Bila shaka hazipo. Miaka yote ya kunawa kwa dawa kabla ya kila mama na baada ya kila mama, zimekwisha na maji. Nilisimama pale nikaona tapeli amekuwa mimi kirahisi kabisa kwa simu moja, na mimi mwenyewe nimeshindwa kuwa mimi.

Mkwe wangu akaniambia nikae. Akatoa mafuta ya mikono kwenye mkoba wake, akaishika mikono yangu, akaanza kuisugua, kidole kimoja kimoja, akikipulizia pumzi ya moto. Watu wanatutazama. Ni mara ya kwanza amenigusa zaidi ya salamu. Mikono yake ni laini na ina joto. Halafu akanirudisha dirishani, akakikandamiza kidole changu kidogo cha kushoto kwenye kioo, akakishikilia. Mashine ikalia.

Nimetoka na laini yangu. Ningeweza kumbusu kijana wa dirishani, lakini angeita walinzi.

Alhamisi, 3 Aprili

Simu imelia. Namba ngeni. Nikaitazama mpaka ikanyamaza.

Jumamosi, 5 Aprili

Sikupokea.

Jumatatu, 7 Aprili

Imelia nikiwa naanua nguo. Sikupokea. Nimekaa na kapu la nguo mapajani, moyo ukinidunda kama niliyekoswakoswa na gari. Siogopi kuibiwa, sina cha kuibiwa. Naogopa sauti itakayoniambia mtoto ametanguliza miguu, na mimi nisijue kama yupo au hayupo.

Jumatano, 9 Aprili

Mkaguzi amefurahi. "Sasa umeelewa, Mama." Ameniletea kadi mpya, namba mpya isiyojulikana na mtu, ameiweka mezani kwenye pakiti yake. Anasema mwisho wa mwezi tuzime ile ya zamani, nistarehe. Namwelewa, ananitakia mema. Aliponiona nalia siku ile, kilio changu kilimwingia. Lakini namba isiyojulikana na mtu ni ya maiti.

Jumapili, 13 Aprili

Leo mkwe wangu amenishikia simu yangu mbele ya uso. "Mama, hizi zote hukupokea?"

"Sikupokea."

"Umezirudia?"

"Sijazirudia."

Nilitegemea aondoke. Akavuta kiti akakaa. Akasema, "Mama, nikwambie kazi yangu. Kutwa nzima napokea watu waliokasirika. Sijawakosea mimi, lakini mimi ndiye niliyepokea, kwa hiyo wananitukana mimi. Wengine wameibiwa kama wewe, wanalia. Wengine ni matapeli wenyewe, wanajifanya wateja. Na siruhusiwi kukata. Nikifika hapa nyumbani sauti imeisha. Najua unaona sikupendi. Napenda kukaa nawe kwa sababu hapa hakuna anayenilazimisha kuongea."

Nimeona haya mpaka masikioni. Mimi ambaye kazi yangu ni kusikiliza, nimekaa mwaka mzima na mtu nikausikia ukimya wake vibaya.

"Sasa wewe unawajuaje?" nikamwuliza. "Mwongo na mkweli?"

"Mwanzoni siwajui. Napokea wote. Ila simpi mtu kitu mpaka niwe nimeuliza mimi." Akainuka. "Kaa hapo. Nakupigia."

Akaingia chumbani, akafunga mlango, na simu yangu ikalia. Nikapokea. "Mkunga ha..."

"Umeshajitaja!" akapiga kelele kutoka chumbani. "Kata. Tuanze upya."

Tumefanya hivyo mchana kutwa. Amekuwa dereva, amekuwa karani, amekuwa mume aliyechanganyikiwa, amekuwa askari mwenye mafua. Sikujua ana sauti zote hizo. Mkaguzi aliporudi akatukuta mimi nafoka kwenye simu sebuleni, "Kama huyo mama yupo mpe simu!" na mkewe chumbani anajibu kwa besi, "Amezimia, mheshimiwa!" Akafunua sufuria, akakuta hatujapika, akaondoka kununua mkate.

Tumekubaliana hivi. Nikipokea nasema "Sema" tu. Namba iliyotumwa kwenye simu yangu haisomwi kwa mtu, hata akiwa malaika mwenye mabawa. Anayenikimbiza, mimi natembea. Na ile desturi yangu ya zamani inarudi mahali pake: namsikia mwanamke kwanza.

Jumatano, 16 Aprili

"Sema."

"Bibi, ni mimi, wa bima ya mazishi. Nilimwuliza mama. Ni miaka miwili na nusu."

Nimemwambia alilelewa vizuri, hivyo atafute kazi nyingine.

Ijumaa, 25 Aprili

Nianze mwanzo, nisiruke.

Mvua ilikuwa ya kelele, ile inayopiga bati mpaka hamsikizani. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Mkaguzi yuko nyumbani kwa sababu ghala limeingia maji, mkwe wangu alikuwa kazini. Simu ikalia. Namba ngeni. Mkaguzi akanitazama, akatazama ile kadi mpya mezani. Nikapokea.

"Sema."

"Mkunga? Mkunga ni wewe? Njoo haraka, kuna mama hapa anakufa!"

Mwanaume. Anahema.  Maneno yale yale, haraka ile ile.

"Wewe nani?"

"Kinyozi, nina banda karibu na kituo cha afya! Ameanguka mlangoni kwangu! Mama, njoo!"

"Mpe simu."

"Hawezi kuongea!"

Mkaguzi alikuwa anatikisa kichwa, ananionyesha kwa mkono nikate. Na kusema kweli kidole changu kilikuwa kwenye kitufe. Hawezi kuongea, amezimia, mheshimiwa. Nilikuwa nimefundishwa sebuleni hapa hapa.

Nikatembea. Nikasema polepole, "Sihitaji aongee. Weka simu karibu na mdomo wake, na wewe unyamaze kabisa."

Nikaziba sikio la pili. Kwanza mvua, yake na yangu. Halafu nikamsikia. Mtu anaweza kuigiza kilio, anaweza kuigiza king'ora, lakini ile pumzi inayokatwa katikati na kugeuka mngurumo kooni, ya mwanamke ambaye mwili wake umeanza kusukuma bila kumwomba ruhusa, hiyo hakuna tapeli anayeijua. Halafu nikasikia, katikati ya mngurumo: "Bibi."

Fundi cherehani.

Kwikwi ya mwisho ya woga ikanitoka. "Niko hapa, mwanangu. Usisukume bado. Hema kama unapuliza chai. Fupi fupi. Hivyo hivyo. Kinyozi!"

"Naam!"

"Mlaze ubavu wa kushoto. Taulo safi unazo?"

"Ninazo nyingi!"

"Mwekee chini. Umesema kituo kiko karibu, karibu vipi?"

"Nyuma ya banda!"

"Mtume mtu akamwite nesi, aje na machela. Asimpakie kwenye pikipiki, nimesema asimpakie!"

Mkaguzi alikuwa ameshaanza kupiga kituoni kwa simu yake. Sikumwambia. Nikamsikia anafoka, "Sijui jina, ni mjamzito, yuko jirani yenu hapo kwa kinyozi, tokeni!" Mkaguzi wangu, ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti isipokuwa mimi. Akanivika koti, akashika mwavuli, tukatoka. Barabara ilikuwa mto kama nilivyosema. Alinishika mkono tukavuka maji yakiwa magotini, na mimi simu sikioni, napuliza chai pamoja na fundi wangu kila hatua, mpaka nikasikia sauti ya nesi ikisema "tumempata, bibi," na simu ikawekwa chini bila kukatwa.

Tulipofika alikuwa ameshalazwa ndani. Mtoto wa kike. Kitovu kilikuwa kimezunguka shingo, nesi akakitoa kama anayevua mkufu. Nesi akasema wangechelewa kidogo tu, angekuwa anaongea nami mengine. Mtoto alilia kwa hasira. Mama yake alinitazama akasema, "Nilidhani hutapokea."

Nilimwambia ukweli, kwamba nilikaribia kukata. Akacheka, akalia, akanishika mkono. Kinyozi alikuwa amekaa korido, taulo begani, anatetemeka kuliko mzazi. Nikamwombea chai.

Jumamosi, 26 Aprili

Kadi mpya imeondoka mezani. Sijauliza, naye Mkaguzi hajasema. Ila asubuhi amenichajia simu.

Ijumaa, 2 Mei

Kampuni imemrudishia muuza mayai sehemu ya alichotuma. Nyingine wanaifuatilia. Amekuja kuniambia, na mayai juu.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua inakaribia kuaga. Leo jua limetoka kati ya manyunyu mawili, nikaanika magodoro, nikaanua magodoro.

Mchana simu imelia. Namba fupi ya ofisi, sijawahi kuiona.

"Sema."

"Habari za mchana. Samahani kwa usumbufu. Naomba kuongea na mkunga."

Sauti ya mwanamke, safi, ya adabu, kila neno limenyooshwa. Nikasema kimoyomoyo, huyu anauza kitu. "Wewe unamtakia nini?"

 Nyuma yake nikasikia watu wengi wakiongea kwa pamoja, wote kwa upole. Kisha ile sauti ikashuka.

"Mama, ni mimi. Napiga kwa simu ya kazini."

Nikakaa kitandani. Nikamwuliza kuna nini, Mkaguzi yuko wapi, nani ameumia.

"Hakuna aliyeumia. Nina mimba, Mama. Miezi mitatu imetimia leo. Kabla hatujahamia kwako zilitoka mbili. Tulikubaliana tusimwambie mtu mpaka ifike hapa."

Mimi mkunga, chini ya paa langu, meza moja. Anakula kama ndege, nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikaita kiburi. Nilitaka kumwambia hayo yote. Nikapata kusema moja tu. "Asubuhi tumekunywa chai pamoja. Kwa nini hukuniambia pale mezani?"

"Pale mezani nina mama mkwe," akasema. "Nilitaka kwanza nimpate mkunga."

Basi nikawa mkunga. Nikafuta machozi kwa kanga, nikamwuliza maswali yangu yote, kama ninavyomwuliza mgeni yeyote, nisiruke lolote kwa haya, naye akanijibu lolote nililouliza. Zile mbili zilitoka vipi, damu ilianzaje, maumivu yalikuwa upande gani, sasa hivi anajisikiaje akiinuka. Alikuwa na woga mwingi, umefungwa vizuri, na alinifungulia wote. Nikamwambia nilichosikia kizuri na nilichotaka kiangaliwe, na kwamba kesho tunakwenda kituoni pamoja.

Akasema, "Sawa, Mama. Naomba nikate sasa, wateja wanasubiri foleni."

Nikamwambia wasubiri. Nilikuwa bado sijamaliza.